Impreza STI: nichukue ya 2004, ya 2006 au nijibane nipate ya 2008?

kijana_wa_AreaD (Dodoma)

Wakuu salaam. Nimejichanga muda sasa, gari la nyumbani lipo (Rumion, ya mama watoto hiyo, siigusi), hili ninalotaka ni la roho yangu tu. Tangu niko sekondari naota Subaru Impreza STI (ile Impreza ya nguvu kuliko zote), ile buluu yenye rimu za dhahabu, wenyewe mnaijua. Sasa nimeanza kutafuta kwa ukweli na kitu kinachonichanganya ni mwaka. Bei zinarukaruka, ya zamani inauzwa ghali kuliko mpya, na kila ninayemuuliza ana lake.

Mpaka sasa nina tatu mezani.

Ya kwanza ni ya 2004, ipo Dar, namba D, gia za mkono, muuzaji anasema ni STI halisi na kwa kweli nimeenda kuisikiliza, ule mngurumo aisee, ukiwasha unausikia kifuani, nilirudi Dodoma bado unanilia masikioni. Ya pili ya 2006, ile yenye macho makali, bado iko Japani, dalali kanitumia picha na karatasi ya mnada ambayo imejaa Kijapani, ushuru juu yangu. Ya tatu ya 2008, ile isiyo na buti, hachibeki, ipo Arusha, muuzaji anasema STI otomatiki, safi kabisa ndani, na hii ndo ina bei ndogo kuliko zote mbili ukipiga hesabu ya ushuru wa ile ya Japani, ndo kitu kinanishangaza maana ndo mpya kuliko zote.

Mimi nilikuwa nawaza kirahisi, mwaka wa juu ndo gari zuri, basi. Jamaa yangu mmoja ananiambia kwenye Subaru usiwaze hivyo lakini akiulizwa kwa nini hana maelezo. Matumizi yangu ni mjini hapa Dodoma siku za wikiendi na mara moja moja kwenda Dar. Petroli ni hii hii ya sheli. Fundi ninaye ila ni wa Toyota.

Mwaka upi wakuu? Na kama kuna mwaka wa kukimbia kabisa nao niambieni.


mzee_wa_lita_mbili

2006. Funga mjadala.


Crown_nyeusi

Kwa hela hiyo chukua Toyota Crown Athlete ulale usingizi. Ni ushauri tu usinitukane.


fundi_bokseri (Ilala)

Mkuu mleta mada, mwaka uweke pembeni kwanza. Kwenye hizi gari mwaka ni kitu cha kwenye kadi, gari lenyewe linajitaja kwenye chasisi, na watu wengi wanapigwa hapo hapo kwa sababu wanauliza "ya mwaka gani" badala ya kuuliza "chasisi inaanzaje".

Fungua boneti, tafuta kibati cha modeli, soma herufi tatu za mwanzo. GDB hiyo ni STI. GDA hiyo ni WRX, mdogo wake STI, tabo inayo lakini sio STI, injini tofauti kidogo, giaboksi ya gia tano. GD9 na GD3 hazina hata tabo, ni Impreza ya kwendea sokoni, na usicheke, nimeshaziona mjini hapa zimevishwa bawa la nyuma, boneti yenye pua na nembo ya pinki. Nembo inauzwa dukani, chasisi haiuzwi.

Ukishajua ni GDB angalia herufi ya nne, hiyo ndo "mwaka" wa kweli. A na B ni zile za macho ya mviringo, Bugeye, 2000 mpaka 2002. C imeanza Novemba 2002, ikafuata D, kisha E kuanzia katikati ya 2004, hizo tatu ndo Blobeye. F na G ndo Hawkeye, katikati ya 2005 mpaka 2007. Sasa ona mtego ulipo, gari la 2004 linaweza kuwa D au likawa E na kwenye kadi yote mawili yameandikwa 2004. Kwenye E walibadilisha habu, mzunguko wa nati za tairi ukatoka milimita 100 ukawa 114.3, habu imara zaidi na rimu zinapatikana kirahisi maana hiyo 114.3 ndo ya Mark X na Crown na nusu ya magari yaliyojaa mjini, japo tundu la katikati linataka ringi ya kujazia. Ukiwa na D unahangaika na rimu za 100 na ukipata nzuri bei yake inakera. Kwa hiyo mtu akisema "ya 2004 ni nzuri" muulize ipi.

Haya twende kwenye zako tatu.

Hii ya Arusha nianze nayo maana ni rahisi. STI otomatiki ya 2008 haipo duniani. Hachibeki ya STI, chasisi GRB, ilitoka Oktoba 2007 na ilikuwa na gia sita za mkono tu. Otomatiki, wanaita A-Line, chasisi GRF, ililetwa 2009 na injini yake ni 2.5. Hiyo unayoonyeshwa mimi naweka dau ni GH8, yaani S-GT, lita mbili na tabo, farasi 250. Sio gari baya hata kidogo, mama akiendesha atalipenda, ila linauzwa kwa bei ya jina lisilo lake, na ndo maana unaona rahisi kuliko STI na ghali kuliko S-GT.

Ya Dar nina wasiwasi nayo kwa kitu kimoja ambacho wewe ndo kimekufurahisha, ule mngurumo. STI ya Japani kuanzia C ina tabo ya twini skroli (moshi unaingia kwa njia mbili) na manifoldi ya ekzosti yenye mabomba yaliyolingana urefu. Ule mlio wa Subaru mnaoupenda unatokana na mabomba yasiyolingana, moshi wa upande mmoja unachelewa kufika. STI ya 2004 ikiwa haijaguswa inalia kama gari la kawaida lenye hasira, hailii vile. Kwa hiyo ama mtu kabadilisha manifoldi na tabo, na hapo uulize kwa nini na ile ya zamani iko wapi, ama hiyo ni WRX. Nenda na tochi usome kibati.

Kitu kingine angalia rungu la gia. STI ina gia sita, na rivasi yake unanyanyua kola iliyo chini ya kirungu ndo inaingia. Ya gia tano haina hiyo kola. Giaboksi ya gia sita ni chuma, ya gia tano ukiichapa klachi kama uko kwenye mashindano inatoa meno.


Mambaru254 (Nairobi)

Fundi umesema ukweli mtupu, hapo kwa manifoldi watu wengi hapa Nairobi hawajui, mtu ananunua STI halafu anarudi kwa makanika analia ati gari imekufa sauti.

Mimi niongeze kitu moja boss. Huku kwetu swali ya mwaka iliamuliwa na serikali, gari ikipita miaka 8 haingii Mombasa, kwa hivyo Hawkeye zote unaona hapa ziliingia kitambo, namba za KB na mwanzo wa KC. Hiyo inamaanisha kila moja imepitia mikono kadhaa na kila mwenyewe alikuwa kijana, alitaka kuskia nguvu, akaongeza busti (presha ya tabo), akakosa pesa ya oili, akauzia mwingine. Ukipata safi ni bahati. Nyinyi TZ mnaweza agiza moja kwa moja kutoka mnadani hata kama ni ya 2006, ushuru unauma lakini historia ya gari unaijua. Mimi ningekuwa huko singegusa ya ndani hata.

Karatasi ya mnada si Kijapani yote bana, alama ni zile zile. Gredi ikiwa R au RA ni gari ilirekebishwa baada ya ajali, hiyo pita. 4 ni poa, 3.5 ya gari ya miaka hiyo pia si mbaya. Kwa mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali pamenyooshwa na kupakwa rangi, X panatakiwa kubadilishwa na XX pameshabadilishwa. Ukiona S ama C hizo ni kutu, na hapo ndio ukae macho kabisa, gari za Hokkaido barabara zao humwagwa chumvi wakati wa theluji, kwa GD kutu hukula mataya ya nyuma (bodi iliyo juu ya tairi) na zile nguzo zinashika shokapu. Namba ya chasisi ukiwa nayo utapata karatasi yenyewe ya kwanza usiamini ile umetumiwa kwa simu, watu huhariri.

Na msisahau hii gari jina lake lilitengenezwa hapa kwetu pia, Safari Rally ya 1997 alishinda Colin McRae na Impreza, 2000 akashinda Richard Burns na Impreza. Wazee wa Nakuru wakiona buluu na dhahabu bado wanasimama kando ya barabara.


mzee_wa_lita_mbili

Mimi nilisema 2006 mapema, mngeniokoa muda wa kusoma.


mamaK_Arusha

Shikamooni wakubwa, vijana habari zenu. Mimi sio mtu wa mashindano ila nina Forester ya tabo, SG5, mwaka wa nne sasa, na hapa nyumbani Subaru tunazijua.

Mwanangu wa Area D nikuulize, umewahi kukaa ndani ya Impreza ya umri huo kwenye barabara ya vumbi? Zile GD zote vioo vya milango havina fremu, ukifunga mlango kioo kinakaa kwenye mpira tu, na mpira ukishazeeka upepo unapiga filimbi kuanzia kilomita 80, vumbi la Dodoma lote linaingia. Hachibeki ya kuanzia 2007 milango ina fremu, nyuma wameweka sasipensheni mpya ya wishiboni, viti vya nyuma watu wazima wanakaa. Ni gari la kuishi nalo. Ile ya zamani ni gari la kulipenda.

Halafu matuta. Tairi ni 225/45 rimu 17, hiyo GRB ni 245/40 rimu 18, ukuta wa tairi mwembamba kama chapati ya hoteli. Ukipita Gairo usiku ukakutana na tuta ambalo halina alama utakumbuka maneno yangu. Ndo maana mimi nasema kama unataka tabo na unataka kufika, Forester inatumia injini ya ukoo huo huo, iko juu, na spea zinaingiliana. Na kama shida yako ni neno STI, ipo Forester STI, SG9, 2004 mpaka 2007, gia sita na breki za Brembo, ila injini yake ni 2.5.


kijana_wa_AreaD

Dada shikamoo, nimekuelewa, lakini Forester hapana, nikileta SUV mama watoto ataichukua ndani ya wiki 😂

Fundi nimesoma mara mbili. Sasa swali, hii 2.5 na lita mbili ipi bora? Nilikuwa naangalia video za Wamarekani wao kila siku injini inakufa, inanipa hofu.


fundi_bokseri (Ilala)

Ndo hapo watu wanachanganya. Marekani STI imeingia mwaka modeli wa 2004 na tangu siku hiyo ni 2.5, injini inaitwa EJ257. Hiyo ndo yenye jina baya la pistoni, zile kingo zinazoshika ringi zinavunjika, kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) inashuka kwenye silinda moja, mara nyingi wanalia na ile ya nne. Japani STI ya gia za mkono imebaki na EJ20 lita mbili miaka yote mpaka walipofunga oda mwishoni mwa 2019. Kwa hiyo hofu ya Mmarekani usiihamishe nzima nzima kwenye gari la Japani. Ikiwa unachagua GRF ya 2.5 hapo ndo hofu hiyo ikuhusu.

Lakini usije ukadhani lita mbili haifi. Inakufa na hapa kwetu inakufa kwa sababu tatu nne zile zile.

Oili ndo ya kwanza. Injini imelala ubavu, pistoni zinapigana kushoto na kulia, tabo inakunywa oili kidogo, ukikata kona kwa nguvu huku oili iko chini ya alama, pampu inavuta hewa sekunde chache tu na beringi za krenki zimeondoka. Na ile paipu ya kunyonyea oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ina tabia ya kupasuka kwenye sehemu ya kuchomelea, sio zote, lakini mtu akishusha sampu kwa sababu yoyote abadilishe na paipu, hakuna kubembelezana. Stiki ya oili utaishika kila unapojaza mafuta, kama hutaki tabia hiyo nunua Crown ya yule bwana wa juu.

Ya pili petroli. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya STI ya Japani imepangwa kwa petroli yao ya okteni 100, ya kwetu haifiki hapo. Gari linatembea, linachelewesha cheche lenyewe, lakini mtu akishaongeza busti juu ya hapo injini inaanza kugonga ndani ndani husikii kwa sababu una ekzosti ya kelele na muziki. Kama unakuta gari limeshachezewa programu uliza nani alifanya na kwa petroli ipi. Lisilochezewa lina thamani zaidi kwangu hata kama lina kilomita nyingi.

Ya tatu belti ya taiming, kilomita laki moja, na ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Ukinunua na huna risiti ya belti, badilisha pamoja na roli na pampu ya maji kabla hujafurahia chochote.

Na moja ya kijinga ambayo inaua magari hapa mjini, watu wanabadilisha tairi mbili tu. Gari linavuta magurudumu yote manne, tairi za mbele mpya za nyuma zimeisha basi difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika mpaka inachoka. Ni nne kwa mpigo, saizi moja, aina moja.

Siku ya kuangalia gari nenda asubuhi, mwambie muuzaji asiwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye injini iwe ya baridi kweli. Ikiwaka, mlio wa tik tik unaopotea injini ikipata moto hiyo ni pistoni imelegea kidogo, wengi wanaishi nayo. Mlio wa kugonga wa chini, mzito, unaoongezeka ukipandisha resi, rudisha ufunguo, sema asante, ondoka. Pima kompresheni silinda zote nne, mimi siangalii sana namba yenyewe naangalia zinapishana kiasi gani.


wakala_wa_bandari

Naona hakuna aliyegusa ushuru vizuri na mleta mada anataka kuagiza. Kwa Tanzania gari likishapita miaka 10 tangu kutengenezwa linakula ile asilimia 30 ya uchakavu. Sasa zako za 2004, 2006 na 2008 zote zimeshapita huko, kwa hiyo kwenye uchakavu hazitofautiani hata senti, usije ukachukua mpya kidogo ukidhani unaokoa. Kinachobadilika ni thamani ambayo TRA wameiwekea modeli hiyo, na wanatumia ya kwao, sio ya risiti yako ya Japani.

Juu ya hapo kuna asilimia 25 ya ushuru wa forodha, kuna ya ukubwa wa injini, kisha VAT 18 inapigwa juu ya vyote. Ya injini ndo inafurahisha, EJ20 ina cc 1994, imepita chini ya 2000 kwa unyoya, inalipa asilimia 5. Ile 2.5 ina 2457 inaingia kwenye asilimia 10. Ukizijumlisha kwa lita mbili iliyochakaa, unakaribia kulipa serikali kiasi kile kile cha thamani ya gari lenyewe, na bado gharama za bandari. Kikokotoo kipo kwenye tovuti ya TRA, weka modeli mwenyewe, usikubali namba ya kuambiwa na dalali kwa simu.

Mtu mwenye haraka anaweza kuona ya Dar ni nafuu. Inaweza kuwa, ila ya kuagiza unalipia uhakika.


Mambaru254 (Nairobi)

Hapo kwa bei ongeza hii, Wamarekani wana sheria ya miaka 25, gari ikifika hapo wanaruhusiwa kuiingiza bila masharti mengi. GC8, yaani Impreza za miaka ya tisini, walishaanza kuzifagia kitambo, na Bugeye za mwishoni mwa 2000 ndio zimeanza kufikisha. Ndio sababu unaona ya zamani inauzwa kuliko mpya, si wazimu. Blobeye na Hawkeye nazo zitafika zamu yao, kwa hivyo ukingoja ngoja ishuke bei utangoja sana.


kijana_wa_AreaD

Wakuu nimerudi. Jumamosi nilikuwa Dar kwa shughuli zingine nikapitia lile la 2004. Muuzaji aliliwasha kabla sijafika, injini ya moto, nikamwambia nitasubiri, akanuna ila akakubali tukae mpaka ipoe, tukanywa soda mbili mbili kimya kimya.

Kibati kinaanza GDAD. Rungu la gia halina kola, ni gia tano. Nikamuonyesha akasema "lakini imefungwa vitu vyote vya STI", viti ni vya STI kweli, breki za mbele zina rangi ya dhahabu ila sijui ni Brembo au ni rangi ya kopo. Ilipowashwa ya baridi haikugonga, ilitoa kile kitiktik, baada ya dakika kama tano kikapotea. Moshi hakuna. Na ule mngurumo wakuu, nisiwadanganye, bado naupenda.

Ya Arusha nimemuomba picha ya chasisi, tangu hapo hajibu.

Ya Japani dalali kanipa namba ya chasisi, ni GDB, kibati kinasema F, gredi 4, kuna W mbili kwenye bampa la nyuma na taya la kulia. Hakuna S wala C.

Sasa niko njia panda. Kichwa kinasema F, masikio yanasema GDA.


mzee_wa_lita_mbili

😂😂😂 masikio hayalipi mkopo kijana


mamaK_Arusha

Huyo wa Arusha namba ya simu imepotea ghafla eeh. Nilijua.


fundi_bokseri (Ilala)

Sasa tunaongea gari. GDAD sio dhambi. Injini yake EJ205 na ile tabo yake ndogo inashika mapema, mjini Dodoma utaifurahia kuliko STI, maana STI chini ya resi elfu tatu imelala, inataka uikimbize juu, na juu ndo utamu wake, inazunguka mpaka elfu nane. Kama unaendesha mjini wikiendi na unapenda ule mlio basi WRX ndo gari lako kwa kweli, kwa sharti moja tu, bei ya WRX. Mwambie muuzaji viti ni viti, viti havibadilishi chasisi. Akishuka mpaka bei ya GDA nzuri, tunapima kompresheni, tunashusha sampu tunaangalia paipu, belti mpya, unaondoka. Breki ikwangue kwa kucha nyuma ya kalipa, Brembo jina limechongwa kwenye chuma na pistoni ni nne, stika inabanduka.

Kama ndoto ni STI na utakuja kuamka usiku unajilaumu, chukua F. Hizo W kwenye bampa na taya ni kunyoosha kwa kawaida, ila omba picha za chini upande wa kulia nyuma na ndani ya buti pale kwenye tairi la akiba, tuone kama pigo halikufika kwenye chasisi. Na mlio, kuna manifoldi za mabomba yasiyolingana unaweza kufunga, lakini na tabo itabidi ibadilike na kontroli boksi ipangwe upya, unatoa kitu bora unaweka cha kelele. Mimi sifungi hiyo, wapo wanaofunga.


Mambaru254 (Nairobi)

F. Na usiuze lile bawa lake la nyuma kama vile watu hufanya.


kijana_wa_AreaD

Nimempa muuzaji wa Dar bei ya WRX. Kacheka, kakata simu, baada ya saa moja kapiga mwenyewe akasema "ongeza kidogo". Sijaongeza bado.

Fundi, dalali wa Japani anasema picha za chini analeta kesho kutwa lakini anataka niweke amana kwanza ndo aende yadi. Hii ni kawaida?


wakala_wa_bandari

Usiweke. Anayeuza gari la mnada ana picha au anazipata bila hela yako, na mnada huo wenyewe unafanyika siku maalumu ya wiki, muulize gari liko mnada gani, siku gani, loti namba ngapi. Ukipata hizo tatu tunaweza kuangalia wenyewe kama gari lipo kweli.


fundi_bokseri (Ilala)

Naunga mkono. Na ya Dar usiongeze kabla ya kompresheni. Jumatano nipo gereji mchana wote, mwambie alilete, kama anakataa lisipimwe basi jibu umeshapata bila kulipa.